Kilimia na Shahidi Wangu

Siku ile dukani tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kike, baba mdogo, fundi picha mwenye duka, na mama mmoja aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti, akapigwa, akalipa, na bado hakuondoka.

Duka liko Busia, upande wa Kenya. Kwetu ni Lunyo, upande wa Uganda. Kitu kilichotumika unakivusha na karatasi ya makubaliano: muuzaji anasaini, mnunuzi anasaini, shahidi anasaini. Bila hiyo, mpakani utaitwa mwizi. Kwa hiyo nilimwomba baba mdogo awe shahidi. Tangu wazazi wetu wafe, nami nikaacha shule kidato cha pili ili wadogo zangu wasome, kila kitu kikubwa kimepita mkononi mwake. Nilidhani na hiki kitapita.

Fundi aliweka kamera mbili mezani. Moja ilikuwa ndogo, inang'aa, lenzi yake inachomoza kama shingo ya kobe.

"Dada, hii inavuta mpaka unaona mtu ako Tororo," alisema.

Ya pili ilikuwa nzito, mpira umebanduka, flashi imekufa, na lenzi ilibidi uizungushe kwa mkono mpaka picha ikae sawa. Aliiuza kwa bei ya vipuri.

Nilichukua hiyo kuukuu. Msimu mzima wa mvua nilikuwa nimesoma kwenye simu, katikati ya kuwauzia chai madereva wa malori kule Malaba, na nilijua ninachotaka. Nilitaka Kilimia, lile fungu la nyota zilizosongamana ambalo wakulima hulitazama, pamoja na ukungu wa buluu unaolizunguka, ambao jicho haliuoni ila kamera yenye subira. Nyota hazihitaji flashi. Zinahitaji kamera inayokuachia uamue mwenyewe jicho lake likae wazi kwa muda gani, na lenzi inayotoka ukaweka nyingine. Ile ndogo ilikubali sekunde moja tu, ikafumba.

"Nipe kifuniko," nikamwambia fundi. Nikafunika lenzi, nikaweka sekunde thelathini, nikabonyeza.

"Anapiga nini?" mama wa pasipoti akauliza.

"Giza," mdogo wangu akajibu.

"Saa saba mchana? Na giza si liko bure nyumbani?"

Picha ilipotokea niliikuza, nikaikagua kona hadi kona. Kamera iliyochoka huonyesha vitone vyekundu na vya buluu penye giza, na kwenye picha ya mbingu vitone hivyo vingejifanya nyota. Nilihesabu vinne. Vinne ningeweza kuishi navyo.

"Naichukua hii."

Baba mdogo alikuwa ameshika kalamu. Akaiweka chini.

"Wewe mtoto, mimi nakataa," alisema kwa Kiswahili chetu cha ng'ambo ya pili. "Kamera ya harusi, sawa, watu italipa. Nyota italipa nani?"

"Hazilipi, Baba."

"Wenzako nanunua mabati. Mtoto wa kwanza hana michezo."

Nilimjibu kwa adabu, lakini nilimjibu. Nilimwambia mabati nilishanunua. Sare nilinunua, vitabu nilinunua, na jeneza la pili nililipia mimi nikiwa na miaka kumi na sita. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza napenda nini. Sasa nimesema bila kuulizwa, na sikuwa tayari kulimeza neno langu.

"Basi tafuta shahidi mwingine." Akaenda kusimama mlangoni.

Mdogo wangu akatoa kitambulisho chake, kipya kabisa, akakiweka mezani. "Mimi ni mtu mzima sasa," akasema, akaokota kalamu. Mwandiko wake ni mzuri. Shule niliyoiacha mimi, yeye aliimaliza. Mama wa pasipoti akapiga kigelegele.

Fundi akafungua droo, akatoa lenzi fupi iliyoviringishwa kitambaani.

"Chukua na hii. Watu wananiomba niwapunguze tumbo, sijawahi kuombwa giza. Pesa usinipe. Niletee hiyo Kilimia yako, na huo ukungu."

Tulivuka pamoja, baba mdogo akitangulia. Afisa alipouliza kamera ni ya nani, yeye ndiye aliyejibu: "Ya mtoto wangu. Karatasi iko."

Nimeshampelekea fundi picha tatu. Ya kwanza ilikuwa michirizi, maana mbingu huzunguka nami niliacha jicho wazi mno. Ya pili wingu liliingia. Siku hizi napiga za sekunde chache chache, mamia, na mdogo wangu anaziunganisha kwenye kompyuta ya chuo anachosoma sasa. Ya tatu nyota zilitulia, lakini ukungu haukuwamo.

"Dada, hii imetosha," fundi alisema. "Tumemalizana."

Nikaichukua picha yangu mezani. Tulipatana ukungu, na nyota tupu si ukungu. Hatujamalizana. Bado ananidai.