Mashine ya Muchele na Jino la Mama Mukwe

Mwaka 1998, nikiwa na miaka thelathini, vita ilifika Kindu na gari la moshi likaacha kuja. Bwana yangu alikuwa mubeba mizigo wa reli. Bila gari hakuna mizigo, bila mizigo hakuna mushahara. Mbele ya hapo nilikuwa naita shida vitu ambavyo havikuwa shida.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya musingi, basi. Kuandika nilijifunza kwa nguvu, ukubwani, na anayetaka kuucheka mwandiko wangu amalize kusoma kwanza. Katika vita niliuza kitu kimoja tu nilichokuwa nacho, mikono. Nilitwanga mupunga wa watu tangu jogoo la kwanza mpaka jua kali, halafu kupepeta. Kwa beseni moja walinipa kikombe cha muchele. Viganja vyangu vilikuwa vigumu kama kisigino.

Tuliishi na mama mukwe, mutwangaji anayejulikana mtaa muzima. Watu wakitaka kumuozesha kijana wao, walimwita asikilize binti anavyotwanga. Akisema, "Huyu anapiga kinu, hatwangi," posa ilirudi nyumbani.

Vita ilipopoa na njia ya Kibombo ikafunguka, bwana alianza kusukuma mizigo ya wafanyabiashara kwa baiskeli, na hiyo baiskeli njo ilitulisha. Safari moja alirudi na habari: kule Kibombo kuna muzee ana mashine ya kukoboa mupunga pamoja na moteri yake, imelala ghalani, hana nguvu ya kuiendesha tena.

"Anataka nini?" niliuliza.

"Baiskeli. Na vikwembe, kama vile sita, kwa ajili ya muke wake."

Nilifungua sanduku nikatoa vitenge vyangu sita.

"Unafanya nini? Tukitoa baiskeli, tutakula nini?"

"Kwani sasa tunakula nini?"

Alifunga vikwembe kwenye baiskeli akarudi Kibombo. Wanaume wanne waliisukuma ile mashine siku nne, vipande vipande, kwa baiskeli za kuazima. Ikikataa kufanya kazi, watoto wangu hawana chakula, na mimi njo nitakuwa nimekitoa kwa mukono wangu. Hilo nililijua vizuri.

Jirani yetu, fundi wa reli, muntu wa Kasai, alikuja kuifunga. Aliposugua kutu, herufi zilitokea kifuani mwa chuma. Akasoma, akacheka.

"Mama, hii njo ya Amerika. Wakati wanaibuni, babu yako alikuwa anatambaa."

Alikuwa amesoma kwa mapadri ufundi na hadithi za ufundi. Akanieleza kwamba wamama wa Amerika nao walishona nguo zote kwa sindano, wakafua kwa mikono mpaka ngozi ikatoka, wakaangaza nyumba kwa mafuta ya nyama. Halafu, katika maisha ya muntu mumoja, vikaja cherehani, jiko la chuma, gari la moshi, taa ya umeme, simu.

"Mikono yao ikapumzika?" niliuliza.

"Wapi! Wakaenda kiwandani kushona kwa cherehani ileile, mbio zaidi."

"Sasa mashine inapumzisha muntu ama inamukimbiza?"

"Inategemea ni ya nani, mama."

Neno hilo lilinishibisha. Hii ilikuwa yangu.

Siku ya kwanza wamama walijaa uani na mabeseni. Fundi akawasha. Muchele ulitoka kidogo, mweupe, watu wakapiga vigelegele. Halafu ukatoka mweusi-mweusi, halafu ukatoka kama uji, halafu mukanda ukatoa moshi na kila kitu kikasimama.

"Ee yaya, dada yetu! Mashine yako inapika uji, leta sukari!"

"Huo si moshi, ni vikwembe vyake vinaungua!"

Walibeba mabeseni yao wakaenda wakicheka. Mama mukwe hakucheka. Alisema tu, "Chuma hakina adabu ya chakula," akaingia ndani.

Fundi alifungua tumbo la mashine. Bati lenye matundu lilikuwa limezibwa na ute. Nikatia mukono katika beseni moja lililobaki, letu wenyewe: unyevu. Hapo nilijiona mujinga. Sisi tukitwanga kwa kinu tunanyunyizia mupunga maji kidogo, punje zisiruke, zisivunjike. Bibi zetu walifanya hivyo, mimi mwenyewe nilifanya hivyo kila siku. Wamama walileta mupunga uliotayarishwa vizuri, lakini kwa ajili ya kinu.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba: leteni mukavu kabisa. Walinijibu, "Mukavu utavunjika, yaya. Unataka utuharibie mara mbili?" Siku tatu hakuna aliyekuja. Tulikula muhogo bila kitu cha kutia juu.

Siku ya nne mama mukwe alikwenda kwenye mukeka ambapo mupunga wetu ulikuwa juani tangu siku ya aibu. Akachukua punje, akaitia katikati ya meno. Ka!

"Huu unalia. Washa."

"Mama, si ulisema chuma hakina adabu?"

"Nilisema. Sasa ninasema washa. Bwana yako amekonda, na huyo ni mutoto wangu."

Muchele ulitoka mweupe, mzima. Alipika, akaonja, hakunisifu. Akajaza sahani tatu akapeleka kwa majirani yeye mwenyewe. Kesho yake aliweka kiti mulangoni mwa mashine, na kila beseni lilipita kwanza kwa jino lake.

"Huu unalia. Ingia. Huu unanyamaza. Rudisha juani."

"Bibi, nimeuanika tangu juzi!"

"Uliuanika, ama uliuweka kivulini pamoja na wewe mwenyewe?"

Walirudi na mabeseni yao bila ubishi. Mimi hawakuniamini, chuma hawakukiamini, lakini yeye walikuwa wamemutii miaka mingi. Alikaa pale miaka sita. Aliacha kwa sababu meno yaliisha, kazi haikuisha.

Mambo yalibadilika, nami nasema bila kupaka mafuta. Mabinti wa mtaa walianza kufika shule kengele haijalia, bila makapi katika nywele. Wamama walipata asubuhi: wengine waliipeleka sokoni, wengine waliilalia, haki yao. Wanawake wawili waliotwanga kwa malipo kama mimi walinitukana. Mumoja anapepeta kwangu mpaka leo. Wa pili hanisalimii, na simulaumu. Juma la kwanza la kimya cha vinu, hata mimi niliamka nikidhani nimechelewa.

Sasa njo mimi ninauma punje mulangoni. Leo ninavyo hivi: mashine ileile na moteri ya pili, maana ya kwanza ilikufa. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, mabati. Shamba la mupunga kwenye barabara ya Kibombo. Bata kumi na nne wanaokula pumba. Paneli moja ya jua. Redio. Kitanda cha libuyu, mbao isiyoliwa na wadudu. Viti sita vya plastiki, kimoja kimevunjika muguu.