Matundu ya Grini ya Tisa

Wacheza gofu walimwita mtunza nyasi wao Mzee Matundu. Kila walipoizoea grini yao, kile kiwanja cha nyasi fupi chenye shimo la kumalizia mpira, laini kama shuka lililopigwa pasi, yeye alileta mashine ya meno akaitoboa yote ikawa chujio. Hawakuuliza kwa nini. Ardhi ikikanyagwa mwaka mzima na watu wenye vitambi vya heshima hushikana, maji hayapenyi, mizizi inakosa hewa. Kwa hiyo unatoboa, halafu unajaza mchanga mkavu mpaka chini.

Mkavu. Hapo ndipo alipoponzeka. Juzi mchanga ulichelewa, ukaja na unyevu, na meneja alikuwa amesimama pale mikono kiunoni: mashindano siku kumi zijazo. Mzee akaufagia hivyo hivyo. Miaka kumi na tisa kazini, kosa la mtu wa wiki ya kwanza.

Asubuhi hii alipiga magoti kwenye grini ya tisa, mbele ya veranda ya klabu, akachomeka spoki ya baiskeli kwenye tundu. Ikagota juu, kisha ikazama yote. Akajaribu la pili, la kumi, la thelathini. Mchanga ulikuwa umeziba mdomo tu, chini patupu. Siku tatu za jua na mizizi ingekaukia humo ndani. Na meneja alishasema: nyasi zikifa, na wewe ufungashe.

Akampigia mkewe.

"Mama Watoto, nimeharibu. Matundu hayajajaa."

"Miaka yote nakufulia suruali zenye magoti ya kijani, leo ndiyo unaniambia kazi yenyewe ni kujaza matundu?"

Hakucheka. "Nikinyamaza, labda nyasi zitavuka. Nikisema, meneja ananifukuza leo."

"Na zisipovuka?"

"Ananifukuza wiki ijayo."

"Basi nenda ukaseme wakati bado kuna nyasi za kutetea."

Meneja alikuwa anakunywa chai. Mzee alibaki mlangoni.

"Bosi, grini ya tisa ifungwe. Mchanga uliingia mbichi. Nautandaza uliobaki ukauke, halafu natoboa upya kwa meno membamba na kujaza."

"Siku nane kabla ya mashindano? Kosa la nani?"

Alitamani sana kumtaja dereva wa lori aliyechelewesha mchanga. "Langu."

Meneja alichungulia dirishani. Grini ilikuwa bado kijani, kama mgonjwa anayetania wauguzi kabla ya majibu.

"Na wageni watamalizia wapi mpira?"

"Nitawakatia grini ya muda pembeni. Watalalamika."

"Watanilalamikia mimi." Akachana boksi, akaandika IMEFUNGWA, akamsukumia. "Mimi na wewe tutaongea nyasi zikishaamua."

Mzee alisimika kibao, akatandaza mchanga kwenye turubai. Alitaka jua liwake likaushe mchanga, na alitaka lijifiche lisiguse mizizi. Siku moja, jua lile lile. Akafumbata konzi moja ya mchanga, akafumbua. Mchanga ulibaki donge, alama za vidole juu yake. Akaugeuza upya.