Zimwi Lililotazama Dari

Shemeji yangu ni fundi wa meno ya bandia, na wenzake wanamwita Meno. Mpelekee pengo lako, atakutengenezea jino ambalo hata mumeo hatalishuku. Akitoka kazini, mwanamume mzima huyo hukaa mezani akapaka rangi visanamu vya vita vya kubuni: wachawi, majitu, askari wenye mapanga, wote kimo cha kidole. Jumamosi yeye na rafiki yake, fundi umeme, huwapanga wakapigana kwa kurusha dadu, wakibishana utadhani wana nchi ya kugombea. Mimi sina subira na mambo hayo. Marehemu dada yangu, mkewe, alikuwa nayo.

Dada alipaka kimoja tu maishani mwake, zimwi. Alilipaka jikoni akisubiri mboga iive. Rangi ilikuwa nzito kama uji, jicho moja likatazama mlango, jingine dari, na midomo akaipaka rangi yake ya kucha, nyekundu. Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku hiyo zimwi lile ndilo lililoongoza jeshi lake. Dada aliona haya, akamkataza kusema ni kazi ya nani, kwa hiyo fundi umeme aliamini Meno alilipaka akiwa anasinzia, na hakuacha kumtania.

Dada alipofariki, shemeji hakulia. Nilimngoja alie, wapi. Alikwenda kazini, akarudi, akala nilichompikia, akasema asante. Brashi hakuzigusa. Nguo za dada tulikuwa tumeshazigawa, picha zake alizigeuzia ukutani. Ila zimwi alilihamishia dirishani, na kila asubuhi alilitazama kabla ya kuvaa viatu. Ndicho kitu pekee kilichobaki cha mkono wa dada. Na mimi nisijitie ushujaa, nilikuwa nimekufa ganzi vilevile. Nilifagia nyumba ile kama ninayefagia ofisi ya watu.

Fundi umeme aliona rafiki yake anapotea. Siku moja alipopita kusalimia, akalitia zimwi mfukoni kimyakimya. Kwa watu wa visanamu hakuna hisani kubwa kama kumwondolea mwenzako rangi mbovu kwenye kisanamu chake: unakiloweka kwenye spiriti, unakisugua kwa mswaki mpaka kila mkunjo utakate, vidole vinachubuka. Huku nyumbani shemeji alilitafuta mpaka chini ya vitanda; Jumamosi rafiki yake akarudi nalo, jeupe pe, pamoja na brashi mpya.

"Meno, nimekusafishia lile lililokuwa linakuaibisha. Sasa huna kisingizio, anza upya."

Shemeji aliligeuzageuza. "Asante," akasema. "Umehangaika."

Midomo iliniwasha. Nilitaka kumtoa yule mtu nje kwa ufagio, lakini shemeji alinikata jicho, nikarudi jikoni. Hata alipoondoka hakumlaumu. "Alinitakia mema," akasema, akavaa miwani, akaniuliza kama ile rangi ya kucha ya dada ninayo.

Ninayo. Nikamletea.

Akaanza kulipaka upya. Macho yakatoka sawasawa, yakatazama mbele kama ya askari. Akayafuta. Akarudia, yakatoka sawa tena. Akajaribu mkono wa kushoto, nao ukamtii. Mkono uliozoea kuchonga meno ya watu haujui kukosea, na kukosea kwa makusudi kunaonekana. Juma zima alipaka na kufuta, uso wake mkavu, nami nikipita na ndoo bila kuhisi chochote. Nilijua tu kwamba anashindwa.

Mwishowe akanisogezea kiti. "Shemeji, hujawahi kushika brashi."

"Sijawahi na sitaki."

"Ndiyo maana nakuomba. Mlizaliwa tumbo moja. Jaribu."

Nikajaribu. Brashi ilinishinda, rangi ikachuruzika hadi kwenye kwapa la zimwi, jicho moja likatazama sakafu, midomo ikafika sikioni. Lilikuwa baya kweli. Nikampa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikasikia moyo unapiga.

Akaliweka chini ya ile taa anayolinganishia rangi za meno.

"Ni baya," akasema polepole. "Lakini ubaya wake haukuwa huu."

"Nilioshe?"

"Hapana. Hili ni lako, liache."

Akaenda nalo dirishani. Pale lilipokuwa likikaa palikuwa na alama ya duara ya kitako chake kwenye vumbi, maana pale tu alinikataza kufuta. Akaliweka pembeni ya duara, si ndani yake, akarudi kukaa. Kisha akavua miwani, akalia.