Mazutu Tuliyoiokoa Pale Masisi

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Walikale, nilifika mapema nikiwa nimevaa shati la kanisani, nikakuta jenereta kubwa inanguruma nyuma ya nyumba ya biashara ya Patron, tajiri wetu. Kwetu tunaiita groupe. Ardhi ilikuwa inatetemeka chini ya viatu vyangu. Nikauliza inawasha nini. Shefu wa Matengenezo, mzee wa pale pale Walikale aliyekuwa mwindaji kabla ya kuwa fundi, akanihesabia kwa vidole: friji moja ya bia, ampuli tatu, yaani balbu, na redio. Nikadhani ananitania. Nikaizunguka nyumba nzima nikitafuta kitu kingine kinachokula umeme, sikukiona.

"Ju ya ile tu, Shefu?"

"Weye uko mugeni," akanijibu, hata hakucheka. "Groupe ikilia, watu wanajua Patron iko. Ikinyamaza, wanasema amefilisika."

Niwaeleze ninyi mnaoshika kazi hii leo. Jenereta imetengenezwa ili ibebe mzigo. Ukiibebesha kidogo haipumziki. Inaendelea kunywa mazutu, yaani dizeli, nyingi, haiichomi yote, na masizi yanajaa kwenye bomba la moshi mpaka mashine inaanza kukohoa. Na mazutu yenyewe ilikuwa inafika Walikale kwa malori yaliyolala kwenye tope majuma mazima, na barabara ikifungwa, kwa ndege. Kwa ndege! Ili friji moja ipoze bia! Nilisimama pale mdomo wazi, na naweza kusema kwamba mdomo huo haukufunga tena mpaka nilipostaafu.

Yule Shefu ndiye aliyenifundisha kazi. Alinipa pinsi ya kupimia, ile unayouma nayo waya bila kuukata, nayo inakuonyesha umeme unaopita ndani. Aliniambia nisiamini maneno ya mtu yeyote kuhusu umeme, hata yake yeye. Miaka ikapita, Patron akakubali kununua jenereta ndogo ya kazi za kawaida, na ile kubwa tukawa tunaiwasha siku za mzigo tu. Mapipa tuliyokuwa tunamaliza kwa juma moja yakaanza kutosha mwezi. Patron akanihamishia Sake, kwenye depo yake ya nyama, samaki na jibini, pale njia za Goma, Masisi na Minova zinapokutana.

Sake nilikuta maajabu mengine. Chumba cha baridi kilikuwa hakipoi hata kidogo, mashine yake inazunguka mchana kutwa, na Mkuu wa Depo alikuwa amekwisha kuagiza mashine ya pili. Nilichukua kipande cha karatasi, nikakibana kwenye mlango, nikakivuta. Karatasi ikikataa kutoka, mlango unafunga vizuri. Yangu ilitoka yenyewe. Nikainama kuangalia ukingo wa mlango: mpira wote wa kuzibia baridi haukuwepo. Ulikuwa umekatwa kwa kisu, vipande virefu virefu, safi kabisa. Nikatoka nje nikauona. Ulikuwa umefunga magunia ya viazi juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, za wapagazi wetu wenyewe.

"Ile mupira iko nguvu, Papa Bahati," mmoja wao aliniambia kwa furaha. "Haikatikake!"

Nilicheka siku ile mpaka machozi. Niliweka mpira mpya, nikawapa wale wapagazi mipira ya baiskeli kuukuu, na mashine ya pili haikuhitajika. Jina langu likaanza kutembea. Walikuwa wananiita Papa Zima, kwa sababu nikiingia chumba chochote mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye swichi. Nilikuwa na kiburi, sikatai. Nilifikiri nimeshauona upotevu wote uliopo duniani.

Kwa kiburi hicho nikapandishwa Masisi, kwenye jengo jipya la ghorofa moja. Chini kulikuwa na maduka, juu kulikuwa na ofisi na atelye ya kushona nguo za shule na za kanisa. Jengo lilikuwa chini ya Direkta, mtu wa suti na maneno machache. Alinipa nyumba ya kampuni, mke wangu akapanda maharagwe uani, tukakaa vizuri. Siku ya kwanza Direkta alinionyesha pipa tupu la mazutu akasema: "Papa Bahati, hii nyumba inakunywa kuliko watu. Uipunguzie."

Nilipima siku tatu. Mnywaji alikuwa atelye. Akina mama kumi na mmoja walikuwa wanatumia pasi nne za umeme, na pasi moja inakula kuliko ampuli zote za jengo zikijumlishwa. Tena kulikuwa na resho mbili za kupasha chumba joto, maana Masisi, kwa asiyeijua, ukungu unaingia mpaka ndani ya blanketi. Na hewa yote ile iliyopashwa kwa mazutu ilikuwa inatoka nje kupitia matundu ya matofali juu ya madirisha! Nilishika kichwa. Nilikuwa kama nimemkuta mtu anachota maji kwa kikapu.

Nikafanya mambo matatu. Niliondoa pasi za umeme nikanunua za makala, yaani za mkaa, zile za chuma zenye kifuniko, ambazo mama zetu wote walizitumia. Niliondoa resho. Kisha, ili akina mama wasipate baridi, niliziba yale matundu kwa saruji na kuweka mpira kwenye kila dirisha. Nilibana karatasi kwenye madirisha yote, ikakataa kutoka. Chumba kikawa na joto zuri bila hata tone la mazutu. Mwezi uleule jenereta kubwa ikazimwa, ndogo ikatosha. Direkta alinishika mkono mbele ya wafanyakazi wote.

Sasa mnasoma na mmekwisha kuona. Mimi sikuona.

Aliyekuwa anapiga pasi aliitwa Mama Riziki, mke wa Papa Safari, mkulima wa Kibabi. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, aliyezoea kunitania kwamba nitamzimia hata jua. Pasi za makala zinataka moto karibu, kwa hiyo mbabula, jiko letu la makala, ilikuwa inawashwa barazani, na mvua ikinyesha inaingizwa ndani, miguuni pake. Masisi mvua inanyesha karibu kila siku. Siku moja alinisimamisha kwenye ngazi.

"Papa Bahati, tangu ulifunga matobo, kichwa inanigonga. Nikifika nyumbani inapona."

"Ni malaria, Mama. Uende kwa dispanseri."

"Nilienda. Walinipa dawa. Haiko malaria."

"Basi ni macho. Nguo nyeupe zinaumiza macho."

Akacheka, akapanda juu. Mtu aliyefundishwa asiamini maneno bila kupima! Pinsi yangu ilikuwa kiunoni. Kwetu kichwa kikiuma ni malaria, na malaria ikikataliwa ni macho, na nikaridhika.

Ilikuwa alasiri ya mvua, muda mfupi baada ya chakula cha saa saba. Chakula chao alikuwa anakileta Mama Vumilia, mjane aliyewapikia sombe, majani ya muhogo, na maharagwe chini barazani. Nilipanda juu kuangalia waya mmoja. Nikafungua mlango nikakuta akina mama wamelala: mmoja kichwa juu ya cherehani, wengine sakafuni juu ya vitambaa. Mnajua nilifanya nini? Nilikasirika. Nilipiga makofi nikasema, "Hii ni kazi ao ni lopitali?" Hakuna aliyenyanyuka. Kisha nikamwona Mama Riziki karibu na mbabula, amekaa ameegemea ukuta, mdomo wazi, ulimi wake mwekundu ajabu.

Nilivunja dirisha kwa pasi. Nikalivunja la pili. Nilipiga kelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo, watu wa maduka wakapanda, tukawabeba akina mama mmoja mmoja mpaka barazani, mvua ikiwanyeshea usoni. Wakaanza kutapika, kulia, kuuliza wako wapi. Kumi waliamka. Mama Riziki hakuamka.

Jioni ile ile neno lilikuwa limekwisha kuzunguka Masisi nzima, na halikuwa neno la makala. Lilikuwa karuho, sumu ya kutegewa kwenye chakula. Watu kumi na mmoja wamekula chakula kimoja, wote wameanguka: nani angetafuta sababu nyingine? Mama Vumilia alikuwa mjane, tena mtu wa kuja. Nilienda kwa Direkta mbio, nikamwambia ni gesi ya makala, ile isiyo na harufu wala rangi, inayojaa chumba kikikosa pa kupumulia, na kwamba matundu niliyaziba mimi.

Direkta alifunga mlango. "Kata hayo maneno. Ukisema ni nyumba, watu watakimbia nyumba. Na weye utaenda kukaa wapi?"

Nikarudi nyumbani nikanyamaza. Niandike hivyo hivyo, maana nilitaka kwanza kuandika kwamba nilikuwa nimechoka. Nilikuwa naogopa kupoteza nyumba na kazi, na ningeweza kuogopa hivyo siku nyingi.

Asubuhi mke wangu aliingia akihema, akaniita kwa jina la mtoto wetu. "Baba Furaha, wamemutoa Mama Vumilia mu nyumba. Wanamupiga mawe. Wanasema watamuchoma."

Nilikimbia bila viatu. Walikuwa wamemzunguka uwanjani mbele ya jengo, damu inamtoka kichwani, na mtu mmoja ameshika kidumu cha mafuta. Zamu, mlinzi wa jengo, alikuwa anajaribu kuwazuia peke yake. Nilijipenyeza nikasimama mbele ya Mama Vumilia nikasema kwa sauti kubwa: "Haiko yeye. Ni miye."

Nikawaeleza matundu, mipira, mbabula. Hawakuamini hata kidogo. Mtu mmoja alisema, "Tunalalaka na mbabula tangu bababu yetu. Makala haiuwake." Ilinigonga, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nyumba zetu za mbao na udongo zinapumua zenyewe. Aliyejenga nyumba isiyopumua, akaingiza ndani moto wa bababu zake, alikuwa mimi.

Nikaomba kuku. Nilimwomba kwa mke wangu, na watu wakanifuata juu, mwenye kidumu akiwa wa kwanza. Tulipigilia mbao kwenye madirisha niliyovunja, tukapaka udongo kwenye nyufa, tukaingiza mbabula ile ile yenye makala, na kuku kwenye kikapu, na maji, na mahindi kutoka mfukoni mwa mtu wao wenyewe ili wasiseme ni sumu. Tukafunga. Nikawaambia wangoje. Tulikaa kwenye ngazi zile mpaka adhuhuri. Tulipofungua, nikiwa nimebana pumzi, kuku alikuwa amelala ubavu, amekufa, mahindi hajayagusa. Yule mwenye kidumu alikiweka chini. Kisha wote wakageuka kuniangalia mimi.

Hawakunipiga mawe. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Mama Vumilia alitibiwa, akapona jeraha, akahamia kwa dada yake Karuba, kwa sababu hakuna aliyetaka tena kula mkononi mwake. Kila mtu alijua kwamba hakufanya kitu, na hakuna aliyekula. Mimi nilitoboa matundu yote upya, mapana kuliko ya kwanza, nikarudisha pasi za umeme na kuandika kwenye mlango kwamba moto hauingii. Direkta hakunifukuza. Alikuwa ananihitaji.

Nilifanya kazi miaka mingine kabla ya kustaafu, na naweza kuwapa ninyi vijana niliyojifunza. Zima kisichotumika. Funga mlango wa baridi. Usiwashe jenereta ya tani kwa ampuli tatu. Lakini ukipunguza matumizi ya nyumba, uliza yameenda wapi. Mimi pasi zile sikuzipunguzia kitu. Niliutoa moto kwenye tangi la mazutu nikauweka kwenye vifua vya akina mama, na kwa kuwa pinsi haisomi vifua, niliandika kwamba nimeokoa.

Mwaka jana Papa Safari, mume wa marehemu Mama Riziki, alipita nyumbani kwangu. Amezeeka. Tulikunywa chai, tukaongea mashamba, barabara, nani amekimbilia wapi. Kisha akaweka kikombe chini.

"Papa Bahati, sijakuja ju ya maneno. Nataka kujua kitu moja tu. Ile mazutu muliokoa, muliifanyia nini?"

Ningeweza kumdanganya, nami nilikuwa sijaulizwa swali hilo na mtu yeyote. Nikamwambia kweli. Direkta alikuwa amenunua taa za rangi, akaniagiza nizifunge mbele ya jengo, ziwake mchana na usiku, ili wanaopanda kutoka Sake wajue pale kuna umeme. Mazutu iliyobaki ilikuwa inaenda pale.

Papa Safari alitingisha kichwa polepole.

"Niliziona," akasema. "Zilikuwa zinawaka siku ile tulimushusha Riziki mu ngazi. Nilifikiri mulizitia ju ya msiba wake."