Pindo Zito la Malkia

Fundi cherehani wa studio yetu hapa Hollywood hubana pini mdomoni kutwa nzima, akaongea nazo humo humo, asidondoshe hata moja. Verna, mtengeneza mawigi, amemchunguza miaka minne bila kuambulia kitu. Hakuwahi hata kumwona akija kutazama filamu ikipigwa. Jana alikuja. Katika filamu, malkia alipaswa kumwacha mpenzi wake na kukiendea kiti cha enzi bila kugeuka, lakini mwigizaji aligeuka mara sita. "Bibie, malkia hageuki!" mwongozaji alifoka. Fundi akapiga magoti, akafumua pindo la joho, akashonea ndani vipande vya madini ya risasi, vile vizito vya kutuliza mapazia, kiganja kizima. Mara ya saba mwigizaji alitaka tena kugeuka, joho likamkatalia. Shingo ilianza, mabega yakabaki, na uso ukawa na uchungu ambao hakuna aliyemfundisha.

"We mwanamke, ulijuaje?" Verna alimnong'oneza.

Fundi akazitema pini kiganjani, moja moja, mpaka ya mwisho.

"Stesheni ya treni ya Omaha," akasema. "Nilimwacha mtu nyuma, nimebeba masanduku mawili mazito. Lingekuwa moja, ningegeuka."