Kamba ya Tanga Kubwa

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi katika kibanda cha ishara za treni hapo Nakuru. Mambo ya meli nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada nilichookota kwenye behewa. Majina ya kamba zote niliyajua. Meli yenyewe sikuwahi kuikanyaga, na jambo hilo lilinitia aibu kana kwamba nimemdanganya mtu.

Shemeji yangu, fundi wa karakana ya reli, alipopata likizo alituombea pasi za treni. Tukashuka Naivasha: yeye, dada yangu, na mimi. Ziwani palikuwa na mzungu mzee, baharia mstaafu, aliyejiundia meli ya milingoti miwili mirefu. Jumapili aliwatembeza wageni.

"Leo sisi ni watalii," shemeji akasema, akikaza tai. "Asinitajie mtu nati wala bolti."

Mzee alisema atakayefanya kazi vizuri atashika usukani wakati wa kurudi. Nitakiri: nyumbani nilikuwa nimejizoeza kuushika, kwa kifuniko cha sufuria.

Nilipewa kamba ya tanga kubwa. Sasa, kibandani kwetu, amri ikija kwa simu unairudia neno kwa neno, kisha unangoja uambiwe "sawa" ndipo uguse mtambo. Usipofanya hivyo, treni mbili zitakutana.

Upepo ukashuka ghafla kutoka upande wa Mlima Longonot.

"Legeza!" mzee akapaza sauti.

"Nimesikia: legeza kamba ya tanga kubwa," nikajibu. Nikangoja.

"Legeza, wewe!"

"Narudia: legeza kamba ya—"

Meli ikalala ubavu. Kikapu cha dada kikateleza, chapati zikaanza kuogelea. Dada akanirukia, akailegeza kamba mwenyewe, meli ikainuka.

"Upepo hapana ngoja sawa yako!" mzee akafoka.

Shemeji alicheka mpaka akakumbatia mlingoti. "Shemeji, mpigie upepo simu! Mwambie laini haiko wazi!"

Wakati wa kurudi, usukani alipewa dada. Nilimpongeza kwa mdomo tu. Moyoni nilimwombea akwame kidogo kwenye matete, asiumie, akwame tu.

Hakukwama. Upepo ulipovuma tena, mzee alifungua kinywa, lakini mikono yangu ilikuwa imekwisha kulegeza kamba. Nikaogopa, kama mtu aliyepitisha treni bila ruhusa. Mzee akafunga kinywa, akageuka kutazama viboko waliokuwa wakiogelea ng'ambo.

Dada akaniona ninavyoukodolea macho usukani, akaniita. "Hebu njoo ushike. Sitaki kutazamwa hivyo mpaka Nakuru."

Mzee akaitikia kwa kichwa, nami nikaushika. Ulikuwa mzito, nao ulichelewa kutii. Nilipogeuka, njia yetu majini ilikuwa imepinda vibaya.

"Mlevi gani amepita hapa?" shemeji akauliza.

"Ni mimi," nikasema, nikaendelea kuipinda hadi gatini.