Redio ya Baba Ndani ya Kopo la Maziwa

Ukihesabu na kuhesabu tena, kifaa kile kilitugharimu redio moja, ya baba. Nimekikumbuka juzi Kariakoo, nilipoona kijisanduku cha kukwaruzisha sauti ya gitaa kikiuzwa kwa bei ambayo hata nusu yake ningeikataa.

Alasiri ile uani kwetu Chang'ombe kulinuka risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa. Kaka Hamisi alichomoa bodi ya redio, akaifunga ndani ya kopo la maziwa, akaiunganisha kati ya spika na gitaa aliloazima kwenye bendi. Alipolipiga, gitaa likanguruma kwa mikwaruzo. Mie nikajua limepasuka.

"Lirudishe kabla hawajatulipisha!" mama akafoka.

"Ndo linavyotakiwa, mama."

Baba akaingia kutoka kiwandani, akasikiliza wimbo mzima amesimama.

"Tamu," akasema. "Sasa nishauri, mwanangu. Taarifa ya habari nikaisikilizie kwa nani?"